Je, Wakilindi walikuwa makabaila?



Wengi wetu tuliosoma historia katika shule za sekondari tulikariri ngazi za maendeleo ya jamii kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, ujamaa. Mwalimu alipofika kwenye ukabaila alieleza kidogo habari za Ulaya, kisha akaandika ubaoni mifano ya kwetu: nyarubanja kule Bukoba, ubugabire kule Buha, na wengine waliongeza utawala wa Wakilindi katika milima ya Usambara. Mwanafunzi alinakili, akajibu mtihani, akafaulu, mambo yakaishia hapo. Ni wachache waliouliza: hao makabaila wa Ulaya waliishije hasa na wakulima wao? Na Wakilindi wanafanana nao kwa lipi?

Juma hili nataka tulichukue swali hilo tuliangalie kwa utulivu. Si swali la mtihani peke yake. Ndani yake mna jambo ambalo kila mkulima wa Lushoto, wa Bumbuli au wa Mlalo analijua: ardhi ni ya nani, na mwenye kutawala ana deni gani kwa mwenye kulima.

Tuanze na Ulaya. Wanahistoria huita Karne za Kati kile kipindi cha miaka kama 1000 kuanzia kuanguka kwa dola ya Kirumi ya magharibi, katika karne ya 5, hadi karne ya 15. Katika muda huo mrefu watu wengi sana wa Ulaya walikuwa wakulima wa vijijini. Miji ilikuwa michache na midogo, barabara zilikuwa mbovu, na mfalme alikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni bwana wa mahali, mwenye ngome, farasi na askari waliovaa deraya.

Mwanzoni mwa karne ya 11 askofu mmoja wa Ufaransa, Adalbero wa Laon, aliieleza jamii yake kuwa ni mafungu matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi. Alisema kila fungu linaishi kwa msaada wa mengine. Padri anamwombea askari na mkulima, askari anawalinda padri na mkulima, na mkulima anawalisha wote. Kwa maneno ni mpango mzuri. Tabu ni kwamba aliyeueleza hakuwa mkulima.

Sasa tumwangalie mkulima mwenyewe. Katika nchi kama Uingereza na Ufaransa wengi wao walikuwa watwana. Mtwana hakuwa mtumwa wa kununuliwa sokoni. Alikuwa na nyumba yake, mke wake, watoto wake na vipande vyake vya shamba. Lakini ardhi ile ilihesabiwa kuwa ya bwana, na yeye mtwana alifungwa nayo. Hakuwa na ruhusa ya kuhama bila idhini. Ardhi ikipita kwa bwana mwingine, na yeye alipita pamoja nayo.

Kwa ajili ya ardhi hiyo alilipa kwa jasho. Mahali pengi Uingereza mtwana alipaswa kumlimia bwana siku mbili au tatu za kila juma, na wakati wa mavuno siku ziliongezeka. Nafaka yake alilazimika kuisaga kwenye kinu cha bwana, na kulipa. Binti yake akiolewa, alilipa. Yeye mwenyewe akifa, bwana alichukua mnyama aliye bora katika zizi lake. Juu ya hayo yote kulikuwa na zaka ya kanisa, fungu moja katika kila mafungu kumi ya mazao.

Hata hivyo mtwana hakuwa bila kinga yoyote. Kinga yake ilikuwa desturi. Bwana aliyedai zaidi ya yale yaliyozoeleka aliambiwa kwamba mambo hayakuwa hivyo wakati wa baba yake. Na huko juu, mkubwa mdogo alipojiweka chini ya mkubwa zaidi, alipiga magoti, akaunganisha viganja vyake na kuviweka katikati ya viganja vya bwana wake. Aliapa utii, na bwana naye akaahidi ulinzi. Kila upande ulikuwa na wajibu.

Wafalme walitazamiwa hata uponyaji. Wafalme wa Ufaransa na wa Uingereza waliaminika kuwa wakimgusa mgonjwa mwenye uvimbe wa tezi za shingo, atapona. Watu walisafiri mwendo mrefu ili kuguswa. Naomba msikilizaji ulishike jambo hili, maana tutalikuta tena tukipanda milima yetu.

Basi tupande. Ukitoka Mombo, barabara inazunguka kwenye kingo za mlima mpaka Soni. Karibu na Soni ndipo ilipo Vuga, iliyokuwa makao ya watawala wa Usambara tangu karne ya 18. Habari za chanzo chao zimesimuliwa na wazee, na zimeandikwa katika kitabu cha Kiswahili, Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyekaa karibu na watawala wenyewe.

Masimulizi yanasema hivi. Mbega alikuwa mwindaji kutoka nchi ya Ngulu. Alizaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na watu wa kwao waliona hiyo ni ishara ya balaa. Alinyimwa urithi, akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akapita Kilindi, akafika Usambara. Huko aliwaua nguruwe-mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba. Nyama aliyopata aliwagawia wenyeji, na wenyeji wakampa vyakula vya shambani. Aliamua magomvi yao, akaoa kwao. Alipoitwa Vuga alimwua simba usiku, wakamsalimu kwa jina ambalo wafalme wote waliomfuata walilichukua: Simba Mwene.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Iwe kila neno la kisa hiki lilitokea au halikutokea, tuangalie Wasambaa walitaka kikumbukwe nini. Mbega hakusimuliwa kama mtu aliyeishinda nchi kwa vita. Alianza kwa kutoa. Alileta nyama, ulinzi na haki, na kwa sababu hiyo akapewa chakula, mke na cheo. Kodi iliyopelekwa Vuga baadaye ilisimama juu ya kumbukumbu hiyo.

Na kodi kweli ilikuwapo. Wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala muda mrefu mpaka alipofariki mwaka 1862, watu walipeleka Vuga mazao na mifugo, wakalima mashamba ya mfalme na kujenga nyumba zake. Kimweri aliwaweka wanawe kuwa watawala wa sehemu mbalimbali, na himaya yake ilishuka hadi pwani, ambako yeye na Sultani wa Unguja kila mmoja alikuwa na sauti yake. Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848 na tena 1852, na Burton pamoja na Speke walifika mwaka 1857. Wageni hawa walimwona mtawala mwenye kuogopwa sana. Tusidanganyane, basi. Wakilindi walikula jasho la watu. Wapo waliopoteza mifugo kwa hukumu za baraza la Vuga, na wapo waliopoteza hata ndugu zao.

Lakini mfalme huyu alidaiwa nini? Katika Kisambaa kuna maneno mawili mazito: kuzifya shi na kubana shi. La kwanza ni kuiponya nchi, kuitengeneza. La pili ni kuiharibu. Mfalme aliaminika kuwa na uwezo juu ya mvua. Mvua ikinyesha kwa wakati wake na migomba ikizaa, watu walisema mfalme anaiponya nchi. Njaa ikiingia, swali la kwanza lilikuwa: nani anaibana shi? Hapo ndipo tunapokutana tena na yule mfalme wa Ulaya anayegusa tezi za wagonjwa. Katika nchi zote mbili watu walitaka kwa mtawala kitu kikubwa kuliko amri. Walitaka uzima.

Wazee wa Usambara walieleza pia ni wakati gani nchi inaharibika. Waliita hali hiyo nguvu kwa nguvu, yaani wenye uwezo wawili wanapopambana pasiwe na anayemzidi mwenzake. Mmoja anailetea nchi mvua, mwingine anaizuia. Mmoja anajenga, mwingine anachoma. Waswahili wa pwani wangesema wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwa hiyo raia alivumilia kodi ya mfalme mmoja mwenye nguvu, kwa kuwa mfalme aliye peke yake ana sababu ya kuitunza nchi anayoila.

Sasa tulinganishe. Mambo yanayofanana ni mengi. Huku na kule mkulima alimlisha mtawala, na mtawala alitakiwa kulinda na kuhukumu. Huku na kule desturi ndiyo iliyokuwa sheria. Hata ulimaji ulifanana kwa jambo moja la busara. Mkulima wa Ulaya alikuwa na vipande vilivyotawanyika huku na huko katika mashamba ya kijiji, na Msambaa alipenda kuwa na shamba la migomba karibu na nyumba na mashamba mengine mbali, mengine hata chini kuelekea nyika. Likikosa moja, jingine litalisha watoto. Mkulima anayeogopa njaa, awe wa taifa lolote, haweki mayai yote katika kikapu kimoja.

Lakini kuna tofauti moja, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua swali letu. Ulaya ardhi ilikuwa ya bwana, na mkulima alifungwa kwayo. Usambara mashamba yalikuwa ya waliolima na ya koo zao. Mtoto alirithi kwa baba, si kwa mfalme. Wakilindi walitawala watu. Mtu aliyeonewa na mtawala wa mahali aliweza kubeba mzigo wake na kwenda chini ya mtawala mwingine, na mtawala asiye na watu hakuwa mtawala. Kwa hiyo hapakuwa na siku zilizoandikwa ambazo Msambaa alidaiwa kama pango la shamba lake mwenyewe. Alipeleka chakula Vuga kwa sababu alitawaliwa, na alitazamia kurudishiwa mvua, haki na amani.

Mapatano kama haya huvunjika pale mtawala anapopata njia ya kuishi bila raia wake. Ulaya yalitikiswa na misiba. Mvua nyingi zisizokoma ziliozesha mazao na kuleta njaa kuu ya 1315 hadi 1317. Kisha tauni ya 1347 hadi 1351 iliua labda theluthi moja ya watu, au zaidi. Waliobaki walikuwa wachache, kazi yao ikawa na bei, nao wakadai ujira mkubwa na uhuru. Wakubwa wa Uingereza walijibu kwa sheria ya mwaka 1351 ya kuzuia ujira usipande, na baadaye kwa kodi ya kichwa. Mwaka 1381 wakulima waliondoka na silaha, wakaingia London. Njiani, katika nyumba nyingi za mabwana, walitafuta kitu kimoja kwanza: hati zilizoandikwa kazi na madeni ya watwana. Wakazichoma moto. Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, aliwaahidi uhuru, kisha ahadi ikatanguliwa na viongozi wao wakauawa.

Usambara mapatano yalivunjika kwa njia nyingine. Kimweri alipofariki mwaka 1862 kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Lakini mwana wa Kimweri, Semboja, alikaa Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara. Huko palikuwa na bunduki, nguo na wanunuzi wa watumwa. Mtawala wa Vuga alihitaji migomba ya watu wake. Mtawala wa Mazinde alihitaji baruti, na baruti ililipwa kwa pembe na kwa watu. Semboja akamshinda Shekulwavu, na hata alipoweza kukaa Vuga hakukaa. Alimweka mwanawe huko, yeye akabaki sokoni. Wabondei nao wakaasi, wakawaondoa Wakilindi kwao. Kwa miaka mingi ikawa nguvu kwa nguvu, na raia aliyelishwa hadithi ya Mbega akawa bidhaa. Nchi ilikuwa katika hali hiyo Wajerumani walipokuja.

Na hapa ndugu wasikilizaji tunafika mahali pa ajabu katika historia hii. Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, wakaufanya makao ya wilaya. Kwa amri ya mwaka 1895 ardhi yote waliyoihesabu kuwa haina mwenyewe ilitangazwa kuwa mali ya serikali yao, na walowezi walipewa mashamba makubwa ya kahawa mlimani na ya mkonge chini. Mashamba yalikuwapo, lakini vibarua hawakutosha, kwa kuwa Msambaa alikuwa na shamba lake la kulima. Basi mwaka 1907 ikaanzishwa kadi ya kazi katika wilaya hiyo. Kila mwanamume alipaswa kumfanyia kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali.

Hebu tuipige hesabu. Siku 30 katika miezi minne ni siku 90 kwa mwaka, karibu siku moja katika kila nne. Ni chache kuliko zile za mtwana wa Uingereza wa zamani, na zililipwa. Lakini mambo mawili ambayo Wakilindi hawakuwa nayo sasa yalikuwapo: ardhi yenye bwana mwingine, na siku za kazi zilizohesabiwa kwenye karatasi. Na ikumbukwe kwamba Prussia, dola iliyoiunganisha Ujerumani, ilitoa amri ya kufuta utwana wa wakulima wake mwaka 1807. Kitu ambacho mkulima wa Prussia alianza kufunguliwa mwaka 1807, Msambaa alifungwa nacho mwaka 1907. Miaka 100 kamili.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mwalimu ni hili. Wakilindi walikuwa watawala waliokula kodi, tena wengine wakali. Lakini ukabaila wenyewe, ule wa kumtenga mkulima na haki ya ardhi yake na kumwandikia siku za kazi, haukupanda mlimani na Mbega. Ulipanda na mlowezi.

Waingereza waliofuata walirudisha jina la mtawala wa Usambara na kumtumia kama mkono wa serikali. Jambo hili lilionekana wazi katika mpango wa kuhifadhi udongo ulioanza Mlalo mwaka 1946 na kuenezwa Usambara mwaka 1950. Kuzuia mmomonyoko wa udongo ni jambo jema. Anayeishi kwenye miteremko ile hahitaji kufundishwa hivyo. Lakini mkulima aliamriwa kuchimba matuta kwa nguvu, akikataa anashtakiwa, na aliyemshtaki alikuwa mtawala wake mwenyewe. Watu walikataa. Katika vijiji lugha iliyosikika haikuwa ya kitaalamu. Walisema nchi inaharibiwa. Mpango uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu.

Je, mambo yamekwisha? Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Tulitafakari neno hilo, mdhamini. Bwana wa Ulaya alikuwa mwenye ardhi, akadai. Mlowezi alikuwa mwenye ardhi, akadai. Mdhamini hana haki ya kudai kama mwenye mali, anadaiwa yeye. Kila ofisa anayesaini karatasi ya shamba, kuanzia kijijini hadi wizarani, anasaini kwa niaba ya mdhamini huyo. Akisahau hilo na kujiona mwenye mali, sheria inabaki nzuri kitabuni na mkulima anabaki mtwana shambani.

Usambara ya leo watu ni wengi na vipande vya ardhi ni vidogo. Baba mwenye watoto watano hajui kila mmoja atalima wapi. Katika hali kama hiyo mgogoro mdogo wa mpaka waweza kumaliza ukoo. Ndiyo maana nimeona heri tukumbushane neno la wazee. Wao hawakumpima mtawala kwa nasaba yake wala kwa ukali wake. Walitazama migomba, wakatazama mawingu, wakatazama kama mnyonge amesikilizwa barazani. Kisha wakauliza: huyu anaizifya shi, au anaibana?

Swali hilo ni la zamani, lakini halijachakaa. Tunaweza kuwauliza wenye vyeo vya leo, na kila mmoja wetu aliyekabidhiwa chochote cha wenzake anaweza kujiuliza mwenyewe.